Maoni Yetu: Fundi Asilipe Deni la Mchoro

Ndugu wanachama, mwisho wa mwezi uliopita wafanya kazi watatu wa karakana moja ya hapa Nairobi walifika katika ofisi ya chama wakiwa na hati zao za mshahara mkononi. Katika kila hati palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "uharibifu wa mali", na mbele yake kiasi cha fedha. Tulipowauliza wameharibu mali gani, mkubwa wao alifungua bahasha akatoa mchoro uliokunjwa mara nne, wenye alama za mafuta ya mashine, akauweka mezani. Alisema, "Tulifanya kama ilivyoandikwa hapa."

Tuliusoma mchoro ule. Ulikuwa wa kipande cha bati chenye umbo la herufi U, cha kufungia swichi za umeme. Kitako milimita 100, mbavu mbili za milimita 50 kila mmoja, vyote vikipimwa kwa nje, na bati ni la chuma laini la unene wa milimita 2. Chini kabisa mchoraji ameandika urefu wa kukata: 200. Hamsini na mia na hamsini ni mia mbili, hata mtoto wa shule ajua. Basi mafundi walikata vipande 140 vya urefu wa 200, wakakunja, mbavu zote zikatoka 50 sawasawa, na vitako vyote vikatoka 107 na nusu na zaidi kidogo. Vifuniko vilikuwa vimekwisha kutengenezwa kwa kipimo cha 100. Hakikuingia hata kimoja.

Nani alikosa hapo? Mwenye kiwanda asema ni fundi, na amekwisha kukata mshahara. Sisi twasema ya kwamba kosa lilikuwa limeandikwa tayari katika karatasi kabla bati halijatoka stoo, na tutalionyesha kwa hesabu, maana jambo hili halipatikani kwa karakana moja tu. Twajua viwanda vya masanduku ya umeme, vya mabodi ya magari, vya makabati na vya matangi ambako hasara ya namna hii yaangushwa juu ya mtu wa mashine kila mwezi, naye hunyamaza kwa sababu hana maneno ya kujitetea mbele ya karatasi yenye muhuri.

Bati likikunjwa, upande wa nje wa kunjo huvutika, na upande wa ndani hubanwa. Kati ya pande hizo mbili kuna mstari usiovutika wala kubanwa. Mstari huo hauko katikati kabisa ya unene. Umesogea kuelekea ndani, na kwa chuma laini twaweza kuuweka penye sehemu nne za kumi za unene, tukipima kutoka ndani. Urefu wa kweli wa bati ni urefu wa mstari huo. Mtu akipima kitako kwa nje na mbavu kwa nje, kisha akajumlisha, ameihesabu pembe mara mbili, na jumla yake itakuwa kubwa kuliko bati linalotakiwa. Ile ziada ndiyo ya kupunguzwa kwa kila kunjo. Kila fundi wa kukunja aijua, hata kama hakufundishwa jina lake.

Tuchukue mchoro ule ule. Bati ni milimita 2, na kalibu ya chini ilikuwa na mfereji wa upana wa milimita 16, yaani mara nane ya unene kama ilivyo desturi. Panchi ikishuka bila kulibana bati mpaka chini ya mfereji, mviringo wa ndani wa kunjo la chuma laini hutoka kama asilimia 16 ya upana wa mfereji. Hapa basi nusu kipenyo ni kama 2.5. Ongeza sehemu nne za kumi za unene, yaani 0.8, upate 3.3. Robo ya duara ni 1.57 mara 3.3, karibu 5.2. Lakini mchoraji alipopima kwa nje aliihesabu pembe 4.5 kwa upande huu na 4.5 kwa upande ule, jumla 9. Toa 5.2, yabaki 3.8. Makunjo ni mawili, kwa hiyo ni 7.6. Urefu wa kukata ulikuwa 192.4, wala haukuwa 200. Ziada ile ya 7.6 ndiyo iliyokwenda kukaa katika kitako.

Tena hesabu hiyo haitegemei bati peke yake. Bati lile lile la milimita 2 likikunjwa juu ya mfereji wa 24, mviringo wa ndani huwa kama 3.8, na cha kupunguza chapanda kuwa karibu 4.4 kwa kila kunjo. Urefu wa kukata sasa ni 191.2. Bati ni moja na umbo ni moja, lakini kwa kubadilisha chuma cha chini tu kipande kimetofautiana kwa zaidi ya milimita moja. Maana yake ni kwamba mchoraji aliye ghorofani, asiyejua ni kalibu gani iliyofungwa katika mashine chini, hana haki ya kuandika urefu wa kukata. Anabahatisha, na bahati yake hulipwa na mwingine.

Wengine watatuambia ya kuwa maneno haya ni ya zamani, kwa kuwa siku hizi michoro hufanywa kwa kompyuta, na kompyuta yenyewe hulikunjua bati na kutoa urefu. Ni kweli hulikunjua. Lakini hulikunjua kwa namba iliyowekwa na mtu, na kama mtu hakuweka, hutumia namba iliyokuja nayo kutoka kwa waliotengeneza programu, ambao hawajapata kuiona mashine yenu wala bati lenu. Kompyuta haikosei kujumlisha, lakini ikipewa mviringo wa 1 mahali ambapo mashine hutoa 2.5, itakosea kwa uhodari mkubwa, na kosa lake litachapwa kwa nukta mbili za desimali hata lionekane kama kweli. Tumeona michoro ya namna hii: 194.37, 88.06. Msimamizi akiiona nukta hizo huogopa kuuliza.

Dawa yake ni ndogo, na haigharimu hata shilingi mia. Kata ukanda wa bati lile litakalotumika, wenye urefu wa milimita 100 kamili, uliopimwa kwa vania. Ukunje katikati kwa digrii 90 juu ya kalibu ile itakayotumika. Pima mbavu zote mbili kwa nje na ujumlishe. Ukipata 103.8, basi kila kunjo la bati hilo juu ya kalibu hiyo lapunguzwa 3.8. Hakuna kitabu kitakachobishana nawe. Fanya hivyo kwa kila unene na kila kalibu iliyomo karakanani, andika namba hizo katika karatasi moja kubwa, bandika karatasi moja penye mashine na nyingine penye meza ya mchoraji. Fundi mmoja na msaidizi wake huimaliza kazi hiyo kwa asubuhi moja. Twauliza, kwa nini katika viwanda vingi asubuhi hiyo haijapatikana kwa miaka kumi, na hali siku za kuitana ofisini juu ya mabati yaliyoharibika hupatikana kila mwezi?

Jambo la pili ni unene wenyewe. Bado twaona michoro iliyoandikwa "geji 16" na basi. Geji 16 ya nani? Kwa geji ya Kiingereza, iliyozoeleka kwetu tangu zamani, ni milimita 1.63. Kwa geji ya Kimarekani ya mabati ya chuma ni 1.52. Kwa geji ya Kimarekani ya aluminiamu ni 1.29. Sanduku lenye makunjo sita katika mstari mmoja, likichorwa kwa 1.63 na kukunjwa kwa bati la 1.52, litatoka karibu milimita moja nje ya kipimo kabla fundi hajafanya kosa lake mwenyewe. Milimita zimo katika kila futi na kila vania ya karakana. Mchoro uandike milimita. Duka la mabati na liendelee kuuza kwa geji likipenda, lakini karatasi ya kazi isiseme geji.

Kisha kuna namna ya kuweka picha katika karatasi, ambayo imewaponza hata mafundi wakubwa. Desturi ya Uingereza na ya nchi nyingi za Ulaya ilikuwa kuichora sura ya upande wa kushoto wa kitu ikiwa mkono wa kulia wa sura ya mbele. Wamarekani huiweka sura ya kushoto kushotoni. Michoro ya namna zote mbili huingia Kenya, kwa sababu mashine na magari yetu yatoka pande zote za dunia. Ndiyo sababu pakawekwa alama ndogo ya pia iliyokatwa ncha, katika kona ya karatasi, ya kumwambia msomaji ni desturi ipi iliyofuatwa. Alama hiyo ikikosekana, fundi atakunja ubavu upande wa kinyume, na tundu lililotakiwa kuwa kulia litakuwa kushoto. Na mchoro ukipigwa picha kwa simu na kutumwa kwa msimamizi, kitu cha kwanza kukatika ni ile kona! Twaongeza kwamba picha ya simu haina kipimo cha kutegemewa. Asiwepo mtu wa kuweka rula juu ya kioo cha simu akidhani anapima kazi.

Katika bati lililokunjuliwa mistari ya kukunja yatakiwa ionekane, na penye kila mstari paandikwe juu au chini, digrii ngapi, na mviringo wa ndani kiasi gani. Twasema hivi kwa sababu tumeona mchoro wenye mistari minne ya kukunja isiyo na neno lolote, na mchoraji alipoulizwa alijibu kwamba "fundi ataelewa". Fundi huelewa mengi sana! Huelewa hata yale ambayo mchoraji hakuyafikiri, mpaka siku asiyoelewa, ndipo huitwa mzembe. Wahenga wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye kalamu huona kunjo ni mstari mmoja tu. Mwenye mashine aona tani hamsini zikishuka mbele ya vidole vyake.

Na hapa tuseme wazi juu ya vidole, maana fedha iliyokatwa yaweza kurudishwa. Bati lazima likae juu ya kingo zote mbili za mfereji wakati panchi ishukapo. Kwa mfereji wa milimita 16, mdomo mfupi kuliko kama milimita 11 hautafika ukingo wa pili. Utatumbukia, bati litateleza, na litainuka upande mmoja. Hata hivyo twaletewa michoro yenye midomo ya milimita 8 na ya 7, kwa sababu katika karatasi hupendeza. Fundi afanye nini? Akisema haiwezekani, ataambiwa jana mwenzake aliweza. Na ni kweli mwenzake aliweza: alilishika bati kwa mkono karibu na panchi, akalisukuma kwa kidole gumba lisiteleze, akamaliza vipande mia mbili, na Mungu alikuwa naye. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka sehemu za hatari za mashine zikingwe, na yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake kila aonapo hatari kubwa iliyo karibu. Tena mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha hapo kabla hatari haijaondolewa. Mdomo wa milimita 7 juu ya mfereji wa 16 ni hatari ya namna hiyo. Haukuanza katika mashine. Ulianza katika meza ya kuchorea, na mchoraji angaliweza kuuondoa kwa kifutio.

Mambo mengine twayapitia upesi, kwa kuwa mafundi wenyewe wayajua na tunayataja ili waajiri wayasome. Tundu likiwa karibu mno na kunjo litavutika liwe kama yai. Liwekwe mbali na mwanzo wa mviringo kwa unene wa bati mara mbili na nusu au zaidi. Pale makunjo mawili yakutanapo katika pembe ya sanduku, patobolewe au pakatwe nafasi, au bati litapasuka. Aluminiamu ngumu ikikunjwa sambamba na mwelekeo iliopitishwa katika rola hufanya nyufa, kwa hiyo mchoro uonyeshe mshale wa mwelekeo huo. Chuma hurudi nyuma baada ya kunjo, digrii moja au mbili kwa chuma laini na zaidi kwa kile kisichoshika kutu, na fundi hupitisha kidogo ili kirudi mahali pake. Hilo ni la fundi, mwachieni. Lakini mchoraji afikiri ni kunjo lipi litakuwa la kwanza na lipi la mwisho, kwa maana tumeona sanduku lililochorwa vizuri kabisa ambalo haliwezi kukunjwa na mashine yoyote, kwa kuwa ubavu wa tatu wagonga panchi. Katika kioo cha kompyuta bati hupenya chuma bila kelele.

Halafu kuna ruhusa ya kupita na kupungua. Kijana aliyetoka chuoni juzi huandika 0.1 juu na chini kila mahali, kwa kuwa alifundishwa kwamba usahihi ni sifa njema. Kipimo cha kawaida cha kati katika ISO 2768, ambacho kimetaja kazi ya mabati yaliyokunjwa, hutoa ruhusa ya 0.3 juu na chini kwa urefu wa zaidi ya milimita 30 hadi 120, na 0.5 kwa zaidi ya 120 hadi 400. Fundi aliyetoa 100.25 amefanya kazi njema. Katika karatasi ya kijana huyo amefanya uharibifu. Tumeona watu wakikatwa mshahara kwa sababu ya nukta ambayo hata kifuniko chenyewe hakikuihitaji.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea, ikiwa hasara hiyo imetokana na kosa la kusudi la mfanya kazi. Kosa la kusudi. Someni neno hilo mara mbili, na wasomeeni wenzenu. Mtu aliyekata 200 kwa sababu mchoro ulisema 200 amekusudia nini, isipokuwa kutii? Kifungu kinachofuata chataka taarifa ya mshahara ionyeshe kilichokatwa na sababu yake. "Uharibifu wa mali" pasipo kutaja mali gani, siku gani, na mchoro namba ngapi, ni sababu isiyoweza kupimwa na mtu yeyote. Twawashauri wanachama wasiweke sahihi katika karatasi yoyote ya kukubali hasara kabla ya kumwona mwakilishi wa chama, hata wakiambiwa ni desturi ya kampuni.

Waajiri watajibu, na jibu lao tumekwisha kulisikia: fundi mzoefu angalikunja kimoja kwanza, akapima, akaliona kosa, na mabati 139 yangalipona. Neno hili lina kweli ndani yake na hatutalikataa. Kipande cha kwanza chapasa kukunjwa, kupimwa na kuonyeshwa. Lakini katika karakana tuliyoitaja kipande cha kwanza hakina mahali katika ratiba. Mabati hukatwa yote asubuhi na watu wengine, hupelekwa penye mashine yakiwa yamepangwa, na nyapara husimama na saa akihesabu vipande. Mtu wa mashine akisimamisha kazi ili kumtafuta mchoraji, dakika hizo zaandikwa juu yake. Haiwezekani kumnyima mtu mamlaka ya kusimamisha kazi, kisha kumdai fedha kwa sababu hakuisimamisha.

Baada ya kusema hayo juu ya waajiri, tuna neno na ninyi, ndugu zetu wa mashine. Wako miongoni mwetu mafundi wenye madaftari madogo katika mifuko ya makoti, na ndani yake namba zote za kupunguza, kwa kila bati na kila kalibu, zilizokusanywa kwa miaka ishirini. Mchoro ukija na kosa, fundi huyo hutazama daftari, hukata 192 na nukta nne kimya kimya, na kazi hutoka safi. Husifiwa. Mchoraji hajui kwamba alikosa, na kesho atakosa tena. Siku fundi huyo akiwa likizoni, kijana aliye mahali pake hukata 200 na hukatwa mshahara. Twaelewa kwa nini daftari hufichwa: ndilo lililomfanya mwenyewe asiachishwe kazi wakati wengine waliachishwa, na hakuna aliyemlipa senti kwa kulikusanya. Lakini siri hiyo yawalinda waajiri kuliko inavyomlinda yeye, maana kila kosa la ofisi alirekebishalo bure halionekani popote, na halitatusaidia mezani tunapozungumza juu ya madaraja ya mishahara. Namba zile zitoke mfukoni zibandikwe ukutani, na chini yake liandikwe jina la aliyezipata. Chama kitadai ya kwamba ujuzi huo uhesabiwe katika daraja lake.

Kabla ya mwaka 1963 meza ya kuchorea na nyundo vilikuwa vimegawanywa kwa rangi ya ngozi, na Mwafrika katika karakana nyingi hakutazamiwa kuushika mchoro isipokuwa kuupeleka. Ubaguzi ule uliondoka, lakini ngazi ya kupanda kwenda ofisi ya michoro ipo pale pale, na si wengi wanaoipanda au kuishuka. Mchoraji yupo ambaye hajapata kukunja bati hata moja kwa mkono wake. Fundi yupo ambaye amekunja maelfu na hawezi kusoma sura tatu za mchoro akaona kitu kimoja. Huyu wa pili asione haya. Nendeni Kamukunji mkawatazame mafundi wa jua kali wakitengeneza masanduku, sufuria, na maganda ya jiko la udongo lile lenye kiuno. Ganda lile ni vipande viwili vya pia vilivyounganishwa penye wembamba, na kulitanua juu ya bati bapa ni hesabu inayowatoa jasho wanafunzi wa chuo. Fundi wa Kamukunji huifanya kwa kielelezo cha bati alichokikata mara moja na kukitundika ukutani: hukilaza juu ya bati, huchora kwa msumari, hukata. Kielelezo kile ni mchoro kamili. Ndani yake imo nafasi ya kunjo na nafasi ya kupishana, kwa sababu aliyekitengeneza ndiye aliyekunja kipande cha kwanza na kukiona kikikataa. Hatusemi viwanda virudi kwenye misumari. Twasema mchoro wa kiwanda uwe na akili iliyomo katika kielelezo kile, na akili hiyo hupatikana kwa kuwa karibu na bati.

Kwa hiyo kamati ya chama imekubaliana kuyaleta mambo haya katika mazungumzo ya mapatano yajayo. Kwamba kila mchoro wa kukunja uwe na unene kwa milimita, aina ya bati, mviringo wa ndani, upana wa mfereji wa kalibu, kiasi kilichopunguzwa kwa kila kunjo, na alama ya namna ya kuweka picha. Na ukikosa kimojawapo, fundi aurudishe bila kuandikiwa kukataa kazi. Kwamba kipande cha kwanza kipimwe na kutiwa sahihi mbili, ya mtu wa mashine na ya mchoraji au msimamizi, na muda wake ulipwe kama kazi. Kwamba tangu sahihi hizo ziwekwe, hasara itokayo katika mchoro ni ya kampuni. Kwamba mchoraji mpya akae karakanani kwa muda kabla ya kupewa kalamu, na mtu wa mashine apewe saa za kujifunza kusoma michoro, kwa gharama ya kampuni, mpaka aweze kufanya mtihani wa daraja wa NITA bila kutetemeka. Hatukuomba mashine mpya wala jengo jipya. Mengi ya haya ni wino na karatasi.

Hatutangoji mapatano ili kuanza. Wawakilishi wa kila karakana walete ofisini, kabla ya tarehe 25, nakala ya kila mchoro uliosababisha mtu kukatwa mshahara tangu Januari, pamoja na hati ya mshahara ya mwezi ule. Asiye na nakala aandike namba ya mchoro, tarehe, unene wa bati na kalibu iliyotumika. Vipande vilivyoharibika visitupwe katika vyuma chakavu ikiwa vyaweza kuwekwa. Kimoja chatosha, kifungwe lebo. Karatasi ya kuandikia namba za kunjo tumekwisha kuipiga chapa, na yapatikana bure kwa katibu wa tawi. Na ule ukanda wa milimita 100, ndugu, ukunjwe juma hili.